Kitanda cha Tatu cha Zumaridi

Sogeeni, sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sikuja na hadithi ya kuwalaza, nimekuja na kesi. Nimeibeba muda mrefu, nimeigeuza huku na huku, na hukumu yake sijaipata. Nitaieleza kama ilivyotokea. Nikifika mwisho nitanyamaza mimi, mseme nyinyi.

Kwenye mkondo wa Kilifi palikuwa na karakana ya mashua, na ndani yake mafundi watatu.

Wa kwanza ni Kadzo Mwaringa, mshonaji wa matanga. Kipaji chake kilikuwa macho. Ungemtandazia tanga sakafuni, yeye akavua viatu, akalitembelea mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba, mara akainama na kuweka kidole mahali pamoja. "Hapa. Mshono umeruka." Ukichungulia, ungekuta kweli umeruka, mmoja kati ya maelfu.

Wa pili ni Shebwana Athmani, fundi mbao, mtu wa miaka hamsini na minane. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alikuwa na kinyundo cha mti alichokigonga ubaoni taratibu, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyebisha hodi na kungoja aitikiwe. Ubao mzima ulimjibu kwa sauti moja, uliooza kwa sauti nyingine, na hakuna aliyewahi kumwona amekosea.

Wa tatu ni Mishi Bakari, fundi wa mitambo, msichana wa miaka ishirini na minne aliyetoka Vanga miezi minane tu kabla ya hapo. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kipuri kilichokosekana katika kila duka la Mombasa, Mishi angekiangalia kile kibovu, achukue tupa na kipande cha chuma, na jioni akuwekee kipya mezani.

Kesi hii ina watu wengine, lakini mimi nitakaa karibu na Kadzo, kwa sababu moyo wake ndio ulioifanya iwe kesi.

Kadzo alikuwa na miaka tisa katika karakana ile. Matanga yake yalikuwa yamefika Madagaska, Maldivi, hata Australia. Wenye mashua walimtumia picha: tanga limejaa upepo, nyuma yake maji ya rangi asiyoijua. Picha hizo alizibandika ukutani juu ya cherehani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka pale mawimbi yanapovunjika juu ya miamba, mwisho wa mkondo. Kila mashua ilipoondoka, alisimama kwenye ngazi za mawe na kupunga mkono hadi tanga likabaki doa jeupe, kisha akarudi kushona jingine.

Sasa, mwaka huo ikaletwa Zumaridi. Ilikuwa mashua ya matanga ya futi thelathini na sita, na mwenyewe ni Nahodha Echata, mwanamke wa Kingazija aliyepita miaka sitini, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kukata. Aliipandisha nchi kavu ikaegemezwa kwa magogo, akawaita wale mafundi watatu chini ya kivuli chake.

"Nakwenda Shelisheli," akasema. "Siku kumi au kumi na mbili bila kuona ardhi. Peke yangu siwezi tena, nikilala lazima mtu akae macho. Ndani mna vitanda vitatu: kimoja changu, kimoja nitakijaza maji na chakula. Kinabaki kimoja. Atakayeniandalia mashua hii vizuri kushinda wenziwe, hicho ni chake."

Shebwana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mwanawe wa kiume alikuwa Mahe, huko huko Shelisheli, mwaka wa kumi na moja, ameoa huko, na mjukuu Shebwana alimjua kwa sauti ya simu tu. Mishi macho yalimng'aa. Alitaka cheti cha ubaharia, na chuo kilimdai siku za baharini zilizoandikwa na kutiwa sahihi na nahodha. Kadzo aligeuka akatazama kule mawimbi yanapovunjika.

Ikaanza kazi. Kadzo alifungua mishono yote ya tanga kubwa na kuishona upya mara tatu tatu. Shebwana aliizunguka mashua nzima na kinyundo chake, akabadilisha mbao mbili za omo, kule mbele, na kuitangaza iliyobaki nzima. Mishi aliiteremsha injini, akaifumua mpaka nati ya mwisho, akaipandisha, kisha akatia bomba jipya la moshi, refu, linalopita chini ya sakafu mpaka tezini, nyuma kabisa ya mashua.

Na hapo ndipo Kadzo alipoanza kuhesabu.

Alihesabu Nahodha amemwita nani, mara ngapi. Asubuhi Nahodha angepita kwenye cherehani na kusema, "Habari za kazi, fundi." Halafu angepanda ngazi hadi kwenye injini, na huko juu Kadzo angesikia, "Mishi, mwanangu, umekunywa chai?" Mwanangu! Kadzo alikuwa na miaka thelathini na minne, angeweza naye kuwa mwana wa mtu. Miezi minane mtoto huyu hapa, akawaza, mimi miaka tisa.

Siku moja Nahodha alitia injini moto kwa mara ya kwanza. Ikaitika mara moja, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Nahodha akamkumbatia Mishi, mafuta yake na yote, na karakana nzima ikapiga makofi. Kadzo naye akapiga. Wiki ile ile alikuwa amemkabidhi Nahodha tanga kubwa, kazi ya siku kumi na saba, naye alilishika, akaligeuza, akasema, "Zuri. Asante." Basi. Tanga halingurumi. Nani hupigia makofi mshono?

"Dada Kadzo," Mishi akamwambia jioni hiyo, "ile kazi yako nimeiangalia. Sijawahi kuona kitu kilichonyooka vile."

"Asante, mdogo wangu," Kadzo akajibu, na maneno hayo yalimpitia kooni kama mwiba wa samaki. Hata sifa, akawaza, lazima niipokee kutoka kwake.

Mashua ingerudishwa majini siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri, kwa sababu ndiyo siku ya bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita kiasi na kufika mpaka kwenye magogo. Ukiikosa Ijumaa hiyo unangoja wiki mbili, na baada ya wiki mbili kibali cha Nahodha kukaa nchini kingekuwa kimekwisha na upepo umegeuka. Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa Ijumaa.

Jumanne ya wiki hiyo, saa saba mchana, watu walikwenda kula. Kadzo akabaki. Alipanda ngazi na tochi na bisibisi, akainua kifuniko cha sakafu, akajiingiza kifudifudi ndani ya ule uwazi mwembamba uendao tezini, mahali Mishi alipolaza bomba lake la moshi.

Msinielewe vibaya. Hakwenda kusaidia. Alikwenda kutafuta kosa. Alitaka kibano kimoja tu cha bomba kilicholegea, nati moja iliyosahauliwa, apate kumwita Nahodha na kusema kwa upole, "Samahani, lakini huyu mwanao..."

Akajaribu kibano cha kwanza. Kimekaza. Cha pili kimekaza. Alitambaa akishika kila kimoja, vyote kumi na viwili, na kila kilipokataa kulegea, kifua chake ndicho kilichobanwa. Kazi ya Mishi ilikuwa safi. Alifika mwisho wa bomba, hana kitu, amelala juu ya mbao na jasho likimwingia machoni. Akageuza tochi ili arudi.

Mwanga ukapita nyuma ya bomba, juu ya bamba la chuma.

Bamba hilo niwaeleze. Mlingoti wa mashua haujisimamii wenyewe. Unashikwa na nyaya pande zote, na waya wa nyuma hushuka mpaka tezini ukafungwa kwenye bamba la chuma lililopigwa bolti kwenye ubao wa ndani. Bamba likikatika, mlingoti unaangukia mbele pamoja na tanga, juu ya yeyote aliye chini yake.

Kadzo aliona mchirizi mwembamba wa kutu, kama chozi. Akasogeza uso. Juu ya mchirizi palikuwa na ufa, mwembamba kama uzi, umekata zaidi ya nusu ya bamba. Akaubonyeza ubao ulioshika bolti. Kidole gumba kikazama.

Akalala pale pale. Na sasa nitawaambia jambo ambalo hakulisema mbele ya wenzake, wala msiniulize nililijuaje. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha: Mishi amepita hapa mara tatu na hakuona. Kitu cha pili kilikuwa wazo. Kama ataondoka Mishi, si aondoke na bamba lake hili. Wazo hilo lilikaa ndani yake kwa muda wa pumzi mbili. Kisha likamtisha mpaka akajigonga kichwa akitoka, akachubuka goti, na kupiga kelele kutoka juu ya mashua: "Nahodha! Nahodha, njoo uone!"

Wakaja wote, mikono bado ina wali. Nahodha aliingia, akakaa ndani kitambo, akatoka uso umembadilika.

"Siku ya tatu," akasema. "Siku ya tatu au ya nne mlingoti ungetuangukia, na ardhi iko mbali." Akamgeukia Kadzo. "Fundi, wewe unashona matanga. Ulikuwa unatafuta nini huko chini?"

Angeweza kusema lolote. Angesema aliangusha sindano, na wangemwamini. Alimtazama Mishi, aliyesimama ameshika sahani.

"Nilikuwa namtafutia Mishi kosa," akasema. "Nilitaka usimpende. Sikupata. Nikapata hilo."

Shebwana alikaa kwenye gogo. "Mimi ubao huo niliugonga," akasema taratibu. "Lakini niliugonga kwa nje, nikaridhika. Kuingia ndani kwa magoti haya niliona uzito."

"Na mimi nililala juu yake," Mishi akasema. "Mara tatu. Macho yangu yalikuwa kwenye bomba langu tu."

Nahodha akawatazama wote. "Leo Jumanne. Ijumaa saa kumi maji yatafika hapa. Semeni kama inawezekana, au nitafute mnunuzi."

Shebwana aliinuka akasema mbao za karakana zote ni mbichi, gundi haitazishika. Akaondoka. Alikwenda kwake, kwenye chumba alichokuwa akimjengea bintiye anayeolewa, akachukua mtaimbo na kung'oa boriti ya juu ya mlango. Ilikuwa ya mti wa msaji uliokauka miaka saba, aliouhifadhi kwa ajili ya mlango huo tu. Mkewe alisimama uani mikono kiunoni. "Baba Saumu, umerukwa na akili? Arusi ni mwezi ujao!" Hakumjibu. Aliubeba begani mpaka karakana, akaingia kwenye ule uwazi kwa magoti yale yale, na kwa siku mbili ikasikika patasi yake tu, na mara moja moja akimtaja Mungu. Alikata ubao wote mbovu, akachonga mpya ukaingia bila kupitisha hata wembe.

Mishi naye hakupata bamba dukani, wala Mombasa. Alikwenda nyuma ya karakana penye vyuma chakavu, akavuta kipande cha usukani wa meli iliyovunjwa, chuma kinene kisichoshika kutu. Jumatano umeme ukakatika mji mzima, grenda ya kukatia chuma ikawa kama jiwe. Akakata kwa msumeno wa mkono. Akalainisha kwa tupa. Matundu sita ya bolti akayatoboa kwa keekee ya kuzungusha kwa mkono, na kila tundu lilimla zaidi ya saa. Alhamisi mchana malengelenge ya viganja yalipasuka, na tupa ikawa nyekundu kwenye mpini.

Kadzo alikuwa amemaliza kukagua mabamba mengine yote matano, na nyaya zote, kuanzia chini mpaka kileleni mwa mlingoti. Yalikuwa mazima. Alimkuta Mishi amekaa, mikono ameinyoosha mbele kama si yake. Akarudi kwenye cherehani, akachana vipande vya kitambaa laini, akaja akapiga magoti na kuanza kuifunga.

"Dada Kadzo," Mishi akasema. "Kwa kweli hukupata hata kosa moja?"

"Hata moja. Vibano kumi na viwili."

"Basi umenikagua vizuri. Tangu nianze kazi hii, hakuna aliyewahi kunikagua hivyo."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Kadzo. Alitaka atukanwe. Angetukanwa, wangekuwa sawa. Akakaza fundo la mwisho, labda zaidi ya lilivyohitaji, akaondoka. Msidhani wivu uliisha kwa kukiri. Ulipungua kelele tu.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, Mishi alikaza bolti ya mwisho. Saa kumi maji yakafika kwenye magogo, yakapanda, Zumaridi ikatikisika, ikaelea. Jumamosi asubuhi wakaitoa wote wanne nje ya miamba kuijaribu. Kadzo akavuka lile povu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Upepo uliingia katika tanga lake, likajaa bila kunjo hata moja. Waya wa nyuma ukakaza ukaimba. Shebwana aliteremka ndani, akaweka sikio kwenye ubao wake, akainua kidole gumba: haujatikisika. Kadzo alikuwa ameshika kamba, uso wote umelowa chumvi, na akajua kwamba akirudi nchi kavu mashua hii iende bila yeye, hatazitazama tena zile picha za ukutani.

Walirudi mkondoni saa sita. Nahodha alitia nanga, akaingia ndani, akatoka na jaketi moja la kuokolea, jipya, jekundu. Akaliweka katikati yao.

"Naondoka kesho alfajiri," akasema. "Wiki nzima nimejaribu kuamua, nimeshindwa. Bila macho yako, Kadzo, tungezama. Bila ubao wako, Shebwana, macho yale yangekuwa habari mbaya tu. Bila mikono yako, Mishi, tungekuwa na ubao mzuri usiofungwa kitu. Na kila mmoja wenu ana doa lake, mnalijua. Basi niambieni nyinyi. Kila mtu ataje jina, ila si lake."

Shebwana akaanza. "Mishi. Chuma kile alikichonga kwa ajili ya watu waliokuwa wakimchunguza. Na mimi ni mzee, mwanangu anaweza kupanda ndege akaja yeye."

"Kadzo," akasema Mishi. "Sote wawili tulifika pale pale, mimi kwa kazi na yeye kwa chuki. Aliyeona ni yeye. Na alipoulizwa, angeweza kudanganya."

Ikabaki zamu ya Kadzo. Alijua jina lililostahili kutoka kinywani mwake. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alilitazama lile jaketi, akatazama viganja vya Mishi, bado vimefungwa kitambaa chake mwenyewe.

"Shebwana," akasema. "Aling'oa mlango wa bintiye."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini yeye alijua, na nyinyi sasa mnajua, kwamba hakumtaja Shebwana ili Shebwana apate. Alimtaja ili asimtaje Mishi.

"Kura moja, moja, moja," akasema Nahodha Echata, akashusha pumzi. Akawatazama kwa zamu, na jaketi likabaki pale katikati, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Hapo ndipo kesi ilipofika, nami nanyamaza. Yupo aliyeona, lakini wivu ndio uliompeleka kuona. Yupo aliyeng'oa mlango wa bintiye kuziba kosa la uzembe wake. Yupo aliyetoa damu kwa ajili ya wenzake, na kabla ya hapo alipita mara tatu bila kutazama pembeni. Kitanda ni kimoja na alfajiri haingoji. Wewe uliyekaa mbele, na wewe kule nyuma unayejifanya huna maoni: lile jaketi jekundu, ungemvisha nani? Na ungewaangaliaje usoni wale wengine wawili?